Ndege Aliyepiga Magoti Hatta

Vua mkanda. Hilo ndilo somo la kwanza kwenu vijana mnaoingia kazi ya kung'arisha ndege, na ndilo mnalolidharau kuliko yote. Vua mkanda, vua saa, vua pete hata kama mwenzio nyumbani atauliza imekwenda wapi. Shati vaa lile lisilo na vifungo. Bati la ndege ni laini kuliko linavyoonekana, na mtu akijiegemeza kwenye bawa na chuma cha mkanda kiunoni, huacha mchoro ambao wajukuu wake wataoneshwa. Mimi nilifanya kazi hiyo na suruali ya kamba, kama ya kulalia. Watu wa Dubai walinicheka mpaka walipoliona bati langu. Kisha wakaendelea kunicheka, lakini kwa heshima.

Somo la pili ni unga. Dawa ya kung'arishia huacha mafuta meusi juu ya bati, na hakuna kitambaa kinachoyatoa yote. Nyunyiza unga wa ngano, ule ule wa chapati, upanguse kwa fulana kuukuu, na bati litabaki kama kioo. Siku hizi mna mashine za kuzunguka na dawa za chupa zenye majina marefu, na sikatai, zinakwenda upesi. Lakini mashine haina masikio. Mkono ukipita juu ya bati unasikia ufa kabla jicho halijauona. Mashine inapita juu ya ufa huo huku inaimba.

Mnaniuliza kila mara mtu aliyeacha shule darasa la sita aliingiaje kwenye ndege. Niliingilia kwenye sabuni. Baba na mama walifuatana kaburini nikiwa bado kijana, Mombasa, wakaniachia wadogo wanne, wote wasichana, nami wa kiume peke yangu. Nikaosha magari. Kutoka kuosha nikaenda kung'arisha, kutoka Mombasa nikaenda Dubai, na miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu nilikuwa nakaa Al Nahda, chumba cha watu wengi na feni moja. Siku moja tajiri mmoja alijiona kwenye boneti niliyoipangusa, akarekebisha kilemba chake, akaniuliza kama naweza kung'arisha sufuria yake kubwa iliyoko shambani.

Shamba lilikuwa Hatta, kule milimani karibu na Oman, lenye mitende na mbuzi. Nilijua sufuria ni utani, nikategemea trekta. Nikafunguliwa banda, na ndani mlikuwa na ndege ya kivita, ya zile jeti za mwanzo kabisa zilizotengenezwa ili zitue juu ya meli. Ililetwa kwa kontena, imefunguliwa vipande, haina injini. Ilikuwa fupi na nene tumbo, mabawa yake yanakunjwa juu ili iingie tumboni mwa meli, na nyuma ilikuwa na kulabu ya kudakia waya uliotandazwa juu ya meli, isije ikapitiliza ikaingia baharini. Sasa ilikuwa milimani, na hatari pekee ya kupitiliza ilikuwa kuingia kwa mbuzi. Palikuwa na beberu aliyekuwa akijikunia kwenye kulabu ile kila asubuhi, na hakuna aliyemzuia, maana ndiye pekee aliyeipatia kazi.

Ajabu yake hasa ilikuwa magoti. Mguu wa gurudumu la mbele uliweza kujikunja, pua ikainama chini, mkia ukanyanyuka, ili ndege nyingine isogezwe pua yake iingie chini ya mkia ule na meli ibebe nyingi. Hayo nilielezwa na msimamizi wetu, Mzee Nassor. Arbab, maana ndivyo tulivyomwita tajiri wetu, hakujali habari za meli. Yeye aliona ngamia. Ukipiga pampu ya mkono ndege inainuka. Ukifungua koki inapiga magoti. Aliweza kukaa kitini akaitazama ikiinama na kuinuka mpaka chai yake ikapoa, kisha akaagiza chai nyingine na kusema, "Tena."

Mzee Nassor alikuwa mtu wa Unguja aliyezeekea Dubai, na yeye ndiye aliyenifundisha mambo yote ya maana. Alinifundisha kuanza kabla jua halijapata nguvu, maana bati likipata moto dawa hukaukia hapo hapo ukabaki unapangusa saruji. Alinifundisha kuziba matundu madogo ya ndege kwa utepe kabla ya kuosha, na kutumia utepe mwekundu, usije ukausahau ndege ikaruka ikiwa imezibwa. Aliwahi kuona mtu ametumia wa rangi ya fedha. Kuhusu hilo alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Mungu amemsamehe. Mimi bado."

Lakini alichokipenda kuliko bati ni Kiswahili. Na shambani pale Kiswahili kilikuwa na kazi, kwa sababu mama yake arbab alizaliwa Unguja, na arbab alikisema kama alivyokisikia kwa mama, bila kukosea hata silabi. Aliyekosea alikuwa Wasswa.

Wasswa alikuwa mlinzi wetu wa lango, Mganda, mpole, mwenye kifua kama kabati. Kiswahili chake kilikuwa cha njiani, na kwa Wasswa vitu vyote duniani vilikuwa "iko". Mbuzi iko. Mzee iko. Arbab iko anakuja. Mzee Nassor angemvumilia kwa hayo, ila palikuwa na kozi.

Kozi ni ndege wa kuwinda, na huyu wa arbab alikuwa na chumba chenye kiyoyozi, wakati sisi tulikuwa na dirisha. Arbab alimpenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Wasswa ndiye aliyekaa naye mchana kutwa, na kila jioni alitoa ripoti kwa sauti: "Ndege imekula nyama, ndege imelala." Mzee Nassor alishika kichwa.

"Wasswa, mwanangu. Ndege wa manyoya ana roho?"

"Iko nayo, Mzee."

"Anayo. Basi mwenye roho hasemwi 'imekula'. Husemwa 'amekula'. Ndege amekula, ndege amelala, ndege yule. Ile ya bati ndiyo 'imesimama'. Umefahamu?"

Wasswa alifahamu nusu. Nusu aliyofahamu ni kwamba ndege ni "a". Wiki nzima alitembea shambani akijifundisha kwa sauti, ndege ameamka, ndege amekasirika, na kila akipata sawa Mzee Nassor alimkatia kipande cha tende. Mimi niliwasikia nikiwa chini ya tumbo la jeti, na sikujua kwamba masomo yale yananihusu.

Wakati huo mdogo wangu wa mwisho, Zuhura, alikuwa anaolewa.

Mnajua sheria yetu. Baba akiwa hayupo, wala babu, walii wa binti, yaani mwenye kumwozesha, ni kaka yake. Wadogo wengine wawili niliwaozesha mwenyewe. Wa tatu, Mwanajuma, nilikosa ruhusa kazini, ikabidi ami yetu anishikie nafasi. Ami ni mtu mwema, lakini majina humteleza. Alimshika bwana harusi mkono, akasafisha koo mbele ya msikiti mzima, akamwozesha dada yetu Rukia, ambaye alikuwa na mume na watoto, na mume huyo alikuwa amekaa safu ya mbele anakunywa kahawa. Shekhe akasimamisha. Ami akaanza upya, akamtaja marehemu shangazi. Walifika kwa Mwanajuma hatimaye, lakini mume wa Rukia hajakaa safu ya mbele tena katika harusi yoyote.

Kwa hiyo Zuhura aliponipigia simu hakuanza na salamu. "Kaka, kama huji wewe, siolewi," akasema. Nikamwambia ami anaweza kuandikiwa jina kwenye kiganja. Akasema Mwanajuma alimwandikia. Sikucheka, kwa sababu sauti yake haikuwa ya kuchekesha. Mama alipofariki Zuhura alikuwa hajaanza kusema vizuri. Mimi ndiye niliyemsuka nywele mpaka majirani wakanihurumia, yeye na mimi kwa pamoja.

Arbab alinipa ruhusa kwa sharti moja. Ijumaa wanakuja wazee wenzake, watu aliokua nao, na miongoni mwao alikuwamo mmoja mwenye ngamia bingwa ambaye hakuwaachia wenzake nafasi ya kusema. Arbab alitaka kumwonesha ngamia wa bati. Ndege ing'are, ipige magoti mbele yao, iinuke. Baada ya hapo nipande gari niende uwanja wa ndege, maana safari yangu ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo usiku, na nikaha Jumamosi alasiri.

Ijumaa asubuhi bati lilikuwa linang'aa mpaka beberu aliona beberu mwingine tumboni mwa ndege na kumpiga pembe. Tukafanya jaribio. Mzee Nassor akafungua koki, ndege ikapiga magoti kwa adabu zake zote. Nikapiga pampu iinuke. Nikapiga tena. Pampu ilikuwa nyepesi kama inapuliza uji. Chini ya pua mafuta yalikuwa yanadondoka, na mafuta ya mitambo hiyo, kama hamjui, ni mekundu.

Mzee Nassor akalala chali, akatazama, akasema nati ya bomba imelegea, mafuta yametoka na hewa imeingia. Nati tuliikaza. Hewa ndiyo ilikuwa shida. Pampu ikiwa na hewa ndani unasukuma upepo, na ndege haiinuliwi na upepo ikiwa bandani. Fundi wetu wa mitambo alikuwa likizo kwao. Mzee Nassor akasema arbab apewe habari, atafute fundi mwingine mjini. Mikono yetu ilikuwa na mafuta mpaka viwikoni, basi akamwita Wasswa apige simu.

Wasswa akasimama wima kama anapokea nishani. Akapiga. Akasema polepole, kila neno limepigwa pasi:

"Arbab, asalaamu alaykum. Ndege ni mgonjwa. Amepiga magoti toka asubuhi na hawezi kuinuka. Mabawa ameyakunja. Kichwa amekiinamisha chini kabisa. Na anatokwa na maji mekundu tumboni."

Nilimtazama Mzee Nassor. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Hakukosea hata mahali pamoja," akaninong'oneza. "Umemsikia? Ameyakunja. Amekiinamisha."

Simu ilikatika ghafla. Wasswa akasema arbab amelia kidogo, kisha amesema anamtuma daktari. Sisi tulidhani ni namna ya kusema. Arbab alikuwa na mazoea ya kumwita fundi wa magari daktari wa magari.

Gari lililofika lilikuwa dogo na safi mno kwa fundi. Akashuka dada mmoja mwenye koti jeupe na sanduku, Mkenya mwenzangu, mtu wa Nakuru, aliyekuwa akitibu kozi wa matajiri mjini. Aliambiwa watu wa shamba wanasema Kiswahili, ndiyo akatumwa yeye. Alikuwa amekimbiza gari, na hakutaka maamkizi marefu.

"Mgonjwa ako wapi?"

"Ako bandani," akasema Wasswa, akamwona Mzee Nassor, akajirekebisha. "Yuko bandani, daktari."

"Amekula leo?"

"Tangu aletwe hapa hajala kitu. Tunampaka unga tu."

Daktari akasimama. "Mnampaka unga?"

"Wa ngano. Kila wiki. Halafu tunampangusa na fulana."

"Nani aliwaambia mpake ndege unga?"

Wasswa akaninyooshea kidole. Daktari akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kulitoa moyoni mpaka leo. Akauliza mgonjwa ana umri gani. Wasswa akasema ni mkubwa kuliko sisi wote, ila kwa Mzee Nassor hana hakika. Akauliza anapumua vipi.

"Hapumui, daktari. Injini alitolewa kabla hajaja."

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba hilo lilikuwa kosa la macho. Kisha akaingia bandani. Nadhani alikuwa hajawahi kukutana na mgonjwa ambaye tumboni mwake unajiona uso wako. Alisimama pale mbele ya pua, sanduku mkononi. Ndipo akaanza kucheka, na alikuwa bado anacheka, ameegemea gurudumu, wakati gari la arbab lilipoingia langoni kwa vumbi.

Arbab hakutuangalia. Alikwenda mbio, pindo la kanzu mkononi, mpaka chumba cha kozi. Kozi alikuwa amesimama kwenye kigingi chake, ameshiba, ametulia. Arbab alimnyanyua, akamgeuza, akamkagua chini ya mabawa, akambusu kichwani. Kozi akamdonoa kidole. Arbab akashukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akaja bandani, na furaha ilikuwa imekwisha. Aliitazama jeti iliyoinamisha pua. Alitazama saa. Wazee wenzake walikuwa njiani, na mwenye ngamia alikuwa gari la mbele. Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na safari.

"Salim, ndege huyu hajasimama. Naye asiposimama, wewe hupandi ndege."

"Hii haijasimama," akasema Mzee Nassor. Lilimtoka lenyewe. Arbab akamtazama. Mzee Nassor akatazama miguu yake, lakini hakulifuta.

Nilisema jambo moja tu. Nilimwambia arbab kwamba dada yangu hana baba, na nisipofika mimi ataozeshwa na mtu anayewaozesha wafu. Aliuliza maana yake nini, nikamweleza habari za ami. Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo ya unga akasema hata yeye ana mdogo wake aliyeozeshwa bila yeye kuwepo, na mpaka leo dada huyo akimpakulia chakula humpa cha mwisho. Lakini wageni ni wageni, akasema. Ndege iinuke kwanza.

Daktari alikuwa amejipangusa machozi. Akauliza shida hasa ni nini. Mzee Nassor akamweleza: kule chini kuna chuchu ndogo ya chuma. Mafuta yakisukumwa kupitia hapo, kutoka chini kwenda juu, hewa itapanda itoke yenyewe. Ila hatuna cha kusukumia. Pampu yetu inasukuma kutoka juu.

"Hiyo ni kulisha mgonjwa tu," akasema daktari. Akafungua sanduku, akatoa bomba la sindano nene lenye mpira mwembamba mbele, lile wanalotumia kumlisha kozi aliyekataa chakula. "Huwa tunapitisha huu mpira kooni, pole pole. Mnataka kumlisha ama hamtaki?"

Basi tukailisha. Daktari alishika mpira kwenye chuchu, maana alisema hamwamini mtu anayepaka ndege unga. Wasswa alivuta mafuta kwenye bomba. Mzee Nassor alikaa juu kwenye chupa ya mafuta anatazama mapovu, anatangaza kila linalotoka. Mimi nilikuwa kwenye pampu. Na arbab, ambaye hakuna aliyemwomba, alipiga magoti chini ya pua na kanzu yake nyeupe, akashika taa.

"Bado anacheua," alisema Mzee Nassor kutoka juu.

Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Bomba baada ya bomba. Mapovu yakapungua, yakawa madogo, yakakoma. Daktari akafunga chuchu, akaniambia nipige. Pampu ilikuwa nzito. Vijana, siku mtakayosikia pampu ikiwa nzito mikononi baada ya kuwa nyepesi, mtanikumbuka. Pua ikatikisika, ikapanda, na ngamia wa bati akasimama juu ya arbab, ambaye alikuwa bado chini, kanzu yake imelowa mafuta mekundu kifuani kama mtu aliyechinja.

Ndivyo walivyomkuta wazee wenzake. Mwenye ngamia alishuka kwanza, akaona bati, akaona wekundu, akaona daktari na bomba la sindano. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakosa la kusema. Arbab hakumweleza chochote. Alinifuata nikiwa nanawa, akanitia kwenye gari la daktari, ambaye alikuwa anarudi mjini, akasema, "Yalla, nenda. Wao wataniona mimi nikipiga pampu." Tulipokuwa tunatoka langoni Wasswa alipiga saluti na kusema salama, ndege atafika mapema. Mzee Nassor alikuwa karibu. Alifungua kinywa, akakifunga, akampa tende.

Nilifika Mombasa Jumamosi asubuhi. Alasiri nyumba ilikuwa imejaa, shekhe amekaa na wanaume barazani, bwana harusi anatokwa na jasho. Ami alinikumbatia akaniita kwa jina la baba yangu. Kabla ya nikaha, walii huingia ndani kumwuliza binti kama ameridhia. Desturi ni binti akae kimya, aone haya, na kimya chake ndicho jibu. Nikaingia. Wanawake wakasogea. Zuhura alikuwa amekaa kitandani chini ya kanga, haonekani ila vidole vyenye hina.

Nikasafisha koo. Nikamtaja kwa jina lake na jina la baba yetu, sawasawa, kama nilivyojifunza njia nzima. Nikamwuliza kama ameridhia nimwozeshe.

Kimya. Nikageuka kutoka, maana kimya kimetosha.

"Kaka," akasema chini ya kanga. "Uliza tena. Nilisikie jina langu."

Barazani shekhe alikuwa anakohoa. Nikakaa kitandani, nikauliza tena.